Gitaa Kavu na Sauti Moja: Majibu kwa Wasomaji

Katika toleo lililopita safu hii iligusia, kwa aya moja tu, nyimbo za kizazi kipya zinazopigwa kwa gitaa kavu bila biti. Tangu hapo nimepokea barua nyingi kuliko kawaida, na nyingi zimetoka kwa vijana wa hapa Dar es Salaam ambao wameshatunga wimbo lakini hawajui waufikishe vipi kwa wasikilizaji. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu wengi wameuliza jambo hilo hilo kwa maneno mengine.

*Shikamoo mwalimu. Nina miaka 22 na ninaishi Tabata. Nimetunga wimbo wa mapenzi, na kaka mmoja jirani yetu hunipigia gitaa kavu. Tuliuimba kwenye sendofu ya binamu yangu, watu wakaupenda. Tulipokwenda studio waliutia ngoma na kinanda mpaka sikuutambua, na mimi nilijikuta napiga kelele badala ya kuimba. Ninataka ubaki gitaa na sauti tu. Je, unaweza kurekodiwa hivyo ukasikilizika, na tuanzie wapi?*
Msomaji, Tabata

Marahaba, mwanangu. Unaweza, na ninalisema hili bila kusitasita, kwa kuwa muziki wa mji huu umelelewa na gitaa. Enzi za bendi za dansi, wanamuziki walikuwa wakienda kurekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, kwenye Barabara ya Pugu ambayo leo ni Barabara ya Nyerere, na huko wote walipiga na kuimba kwa pamoja: solo, rithimu, besi, tarumbeta na waimbaji. Akikosea mmoja, wimbo ulirudiwa tangu mwanzo. Waliweza kwa sababu wimbo ulikuwa umeshapigwa ukumbini usiku mwingi kabla ya kufika kwenye maikrofoni, na kila mtu alijua mahali pake. Nanyi mna bahati hiyo hiyo, maana wimbo wenu umeshaimbwa mbele ya watu wenye masikio, na kilichowagusa siku ile ya sendofu ndicho mnachotakiwa kukilinda mpaka mwisho.

Anzeni na ufunguo wa wimbo, yaani noti ambayo wimbo umejengwa juu yake na inayoamua sauti ipande au ishuke kiasi gani, kwa sababu ninashuku kwamba kelele unazozitaja zilianzia hapo. Wapiga gitaa wengi huchagua ufunguo unaowafaa vidole, yaani G au C, na mwimbaji akalazimika kuufuata. Katika wimbo wa gitaa na sauti utaratibu huo ugeuzwe. Imba noti ya juu kabisa ya kiitikio mara tano mfululizo. Ikiwa mara ya tano shingo imekaza, ufunguo uko juu. Kama kaka huyo anapiga katika G, mwombe ashike mikao ya D na afunge kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi zote shingoni, kwenye freti ya pili, yaani kipande cha pili kati ya vile vinavyogawanywa na vyuma vya shingo. Wimbo utakuwa katika E, chini kwa nusu tatu za toni, na gitaa bado litalia kwa uwazi wa nyuzi zisizobanwa. Hangaiko hilo la dakika kumi linasaidia kuliko chombo chochote mtakachoongezewa studio.

Baada ya hapo yasikilizeni maneno. Wimbo wenye ngoma nzito unaweza kulificha neno lililokaa vibaya, lakini gitaa halifichi kitu. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na melodia ikiuhamisha mkazo huo msikilizaji huona neno limepinda hata kama hajui kwa nini. Chukua neno "barabara": mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ni njia ya magari, ukiwa kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho, maana yake ni sawasawa. Nimewahi kusikia wimbo ambamo mpenzi anaahidi kupenda "barabara", na kwa jinsi noti zilivyopangwa ilionekana ameipenda lami. Soma mistari yako kwa sauti kana kwamba unazungumza na mtu aliyekaa mbele yako, weka alama kwenye silabi zenye mkazo, kisha uangalie kama noti ndefu na mapigo yenye nguvu yameangukia hapo. Tazama pia irabu unayoishia. Maneno yetu mengi huishia na irabu, na hiyo ni neema kwa mwimbaji, lakini noti ya juu yenye "a" hufungua kinywa wakati yenye "u" hukibana. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, noti yako ndefu kuliko zote ipe "a" au "o".

Sasa tuje kwenye kurekodi. Hamhitaji studio kubwa, lakini mnahitaji ukimya, na Dar es Salaam ukimya una saa zake. Kwa uzoefu wangu wakati mzuri ni kati ya saa nane usiku na saa kumi alfajiri, bajaji zikiwa zimepungua na kabla ya adhana na majogoo. Zimeni feni, chomoeni jokofu, na simu ziwekwe chumba kingine. Kama nyumba imeezekwa kwa bati na haina dari, epukeni miezi ya masika, Machi hadi Mei. Mimi niliwahi kupoteza usiku mzima wa kazi kwa mvua iliyoanza ubeti wa pili na kuacha kulipokucha. Kompyuta mpakato ichajiwe ijae na itumie betri wakati wa kurekodi: umeme ukikatika kazi haipotei, na ule mvumo mdogo unaoingia kupitia waya wa chaja unaondoka.

Chumba kiwe na vitu laini. Trei za mayai ambazo zimejaa kwenye kuta za studio zetu hazisaidii kama watu wanavyodhani, kwani karatasi ile nyembamba hutawanya kidogo sauti za juu tu na kuziacha za chini zikizunguka chumbani, na tena hushika moto upesi. Godoro lililosimamishwa nyuma ya mwimbaji, mablanketi mazito yaliyotundikwa ubavuni na kabati la nguo lililoachwa wazi hufanya kazi bora kuliko trei mia.

Maikrofoni ya kondensa, ile nyepesi kunasa sauti ndogo inayotumika sana studio, inahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye saundi kadi, kile kifaa kinachounganisha maiki na kompyuta, kwa hiyo hakikisheni kitufe hicho kimewashwa kabla hamjaanza kuilaumu maiki kwamba ni mbovu. Kwa gitaa, iwekeni umbali wa sentimita 20 hadi 30, ikielekea pale shingo inapokutana na mwili wa gitaa, karibu na freti ya 12. Watu wengi huielekeza kwenye tundu la gitaa wakiamini ndimo sauti inamotoka, na matokeo yake ni mvumo mzito unaoimeza sauti ya mwimbaji. Rekodini kwa biti 24, ambayo hapa ni kipimo cha ubora wa rekodi kwenye kompyuta wala si biti ya ngoma, na viwango vya sauti visipande mpaka kwenye taa nyekundu; acheni nafasi, kwa sababu sauti iliyopasuka haitibiki, ila iliyo ndogo huongezwa.

Swali ambalo hukuuliza, lakini prodyuza atakuuliza, ni kama mrekodi pamoja au kila mtu peke yake. Kurekodi mmoja mmoja kuna usalama wake, kwani ukikosea neno unalirudia hilo tu. Hata hivyo, kwa wimbo wa namna hii mimi ninashauri mrekodi pamoja, mkitazamana, mwimbaji na maiki yake na gitaa na maiki yake, hata kama kila maiki itanasa kidogo sauti ya mwenzake. Mwimbaji anapovuta pumzi kabla ya kiitikio, mpiga gitaa anamwona na kumsubiri robo ya sekunde, na robo hiyo ndiyo watu waliyoisikia kwenye sendofu bila kujua wanasikia nini. Metronomu, kile chombo cha kugonga mapigo ya mwendo, haisubiri. Tumieni metronomu kwa mazoezi ili mjue mwendo wenu, kisha muizime. Imbeni mara tatu au nne, pumzikeni, na mchague ile ambayo maneno yameeleweka, hata kama uzi mmoja uligongwa vibaya.

Kwenye miksi, yaani pale sauti zilizorekodiwa zinapochanganywa na kusawazishwa, mwombeni fundi atie mwangwi kidogo, aondoe mvumo wa chini, na aiache pumzi yako ilipo. Akikwambia wimbo uko mtupu, msikilize kwa heshima, kisha umwombe auache hivyo.

*Mwalimu, ninaishi Kigamboni karibu na ufukwe. Nyuzi za gitaa langu zinashika kutu ndani ya wiki mbili na gitaa halikai kwenye sauti. Nifanye nini kabla ya kurekodi mwezi ujao?*
Mpiga gitaa, Kigamboni

Ndugu yangu, chumvi ya bahari na jasho la vidole ni maadui wawili wa chuma, na joto letu linawasaidia. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila umalizapo kupiga, juu na chini ya uzi, na gitaa lilale ndani ya begi lake badala ya kutundikwa ukutani. Zipo nyuzi zilizopakwa utando wa kuzuia kutu; bei yake ni kubwa zaidi, lakini kwa mtu wa ufukweni hurudisha gharama. Kwa ajili ya kurekodi, funga nyuzi mpya siku mbili kabla, zivute kwa mkono taratibu na kuzikaza upya mpaka ziache kulegea, kwani uzi uliofungwa asubuhi ile ile utashuka katikati ya ubeti. Hakikisha pia kwamba chombo chako cha kupimia sauti kinasoma A ya hezi 440, hasa ikiwa kinanda au filimbi itaongezwa baadaye.

*Ninampigia gitaa dada mmoja mwimbaji. Maneno ni yake. Melodia tuliitafuta pamoja sebuleni kwao, na kile kipande cha gitaa cha mwanzoni, ambacho watu sasa wanakipigia mluzi, nilikitunga mimi. Wimbo unakaribia kutoka, na amesema jina litakuwa lake peke yake, na mimi nitalipwa "hela ya soda". Sipendi ugomvi. Je, nina haki gani?*
Mpiga gitaa, Sinza

Barua yako imenigusa, na nitaeleza kwa nini baada ya kukujibu.

Tenganisha mambo mawili ambayo huku kwetu huchanganywa: wimbo kama utunzi, na rekodi ya wimbo huo. Utunzi ni maneno na melodia, na wenye nao ni waliotunga. Rekodi ni ile sauti iliyonaswa siku fulani, na ndani yake kuna haki za aliyeigharamia na haki za walioimba na kupiga. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda yote mawili. Kazi inalindwa tangu inapobuniwa, bila sharti la kusajiliwa kwanza, na ulinzi wa mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Watunzi wakiwa wawili, miaka hiyo huhesabiwa tangu kifo cha yule wa mwisho. Kwa hiyo kama melodia mliitunga pamoja, wewe ni mtunzi mwenza, hata kama jina lako halimo kwenye jalada. Kama ulichofanya ni kupiga tu kile ulichoelekezwa, haki yako ni ya mpigaji, nayo ni haki, lakini si ya mtunzi. Kipande cha mwanzo ulichokibuni mwenyewe kinakuweka karibu zaidi na upande wa utunzi kuliko unavyojidhania.

Usajili wa kazi kwa COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania, hauwapi haki ambayo hamkuwa nayo, ila unaweka kumbukumbu ya nani alisema nini na lini, na siku ya mzozo kumbukumbu hiyo ina thamani kubwa. Nendeni pamoja. Mkifika mbele ya fomu inayouliza majina ya watunzi, mazungumzo mnayoyakwepa leo yatafanyika yenyewe.

Kabla ya hapo, mwandikiane. Karatasi moja inatosha: jina la wimbo, tarehe, nani ametunga maneno, nani melodia, kila mmoja ana asilimia ngapi ya utunzi, nani amelipia rekodi na mapato yake yatagawanywaje, na saini zenu mbele ya shahidi. Mimi siamini kwamba kila mara iwe nusu kwa nusu. Maneno yote yakiwa ya dada na melodia ya wote wawili, mnaweza kukubaliana kwamba yeye achukue sehemu kubwa, nawe uchukue iliyobaki, mradi nyote mmeridhia kabla ya wimbo kutoka. Mwambie kwa upole, ukianza na yale ambayo ni yake bila ubishi: "Dada, maneno ni yako, na sauti ni yako. Ninaomba tuandike na kile kilicho changu."

Na sasa ile sababu. Miaka mingi iliyopita nilitunga wimbo na rafiki yangu, hatukuandikiana chochote, nikawa ninasema kwamba kati yetu karatasi ni tusi. Wimbo ulipoanza kupigwa redioni tulipishana kauli juu ya fedha kidogo mno, kiasi cha nauli za daladala za mwezi. Kila mmoja akamkataza mwenzake kuuimba. Haujaimbwa tangu siku hiyo, na mpaka leo ninaamini ulikuwa wimbo mzuri. Urafiki ulirudi baada ya miaka, lakini wimbo haukurudi. Karatasi ingetuokolea vyote viwili.

*Je, ninaweza kuchukua wimbo wa Kiingereza ninaoupenda, nikaufasiri kwa Kiswahili na kuurekodi kwa gitaa kavu?*
Mwanafunzi, Mbagala

Chumbani kwako, imba upendavyo. Kuurekodi na kuutoa ni jambo lingine, kwa sababu haki ya kutafsiri ni ya mtunzi, na ni lazima upate ruhusa ya maandishi kutoka kwake au kwa mwakilishi wake. Muda huo utakaoutumia kutafuta ruhusa, mwanangu, unakutosha kutunga wimbo wako.

*Wimbo wangu wa gitaa umekamilika na una masta, yaani nakala ya mwisho iliyo tayari kutolewa. Nauachiaje? Kila mtu ananiambia lake: wengine wanasema niupakie leo leo, wengine niupeleke redio kwanza. Pia ninaona sauti yake ni ndogo ukilinganisha na nyimbo za klabu. Nirudi studio?*
Mwimbaji, Kijitonyama

Usirudi studio kwa sababu ya udogo wa sauti. Majukwaa makubwa ya kusikilizia muziki husawazisha nyimbo. Spotify, kwa mfano, huzileta karibu na kiwango cha LUFS 14 chini ya sifuri (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), kwa hiyo wimbo uliobanwa mpaka ukapiga makelele hushushwa, na unachobaki nacho ni wimbo uliopoteza kupanda na kushuka kwake. Wimbo wa gitaa unaishi kwa kupanda na kushuka huko. Usikilize masta wako kwenye spika ya simu, kwenye redio ya gari na kwenye visikizio vya bei ya Kariakoo, na kama maneno yanasikika kote, umemaliza.

Usiupakie leo leo. Chagua tarehe iliyo mbele kwa wiki nne. Utahitaji msambazaji wa mtandaoni atakayeufikisha kwenye majukwaa, na kabla hujajiunga naye soma jinsi anavyolipwa, kwani wapo wanaotoza ada ya mwaka na wapo wanaochukua asilimia ya mapato. Uliza hasa wimbo wako utakuwa wapi siku utakapoacha kulipa ada. Atakupatia namba ya ISRC, yenye herufi na tarakimu 12, ambayo ni kitambulisho cha rekodi hiyo popote itakapopigwa. Iandike mahali, na usikubali rekodi hiyo hiyo ipewe namba nyingine ukibadilisha msambazaji, la sivyo hesabu zako zitagawanyika. Picha ya jalada iwe ya mraba, pikseli 3000 kwa 3000. Majina ya watunzi na mpiga gitaa yajazwe yote, na rudi kwenye jibu la ndugu yetu wa Sinza kama hujajua kwa nini. Ukitaka wimbo ufikiriwe na wanaopanga orodha za Spotify, uwasilishe kwao angalau siku 7 kabla ya kutoka. Ukishatoka, mlango huo umefungwa. Kama hujajisajili BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, kama msanii, fanya hivyo ndani ya wiki hizo nne pia.

Wanaosema redio kwanza hawajakosea kabisa, kwa maana redio za Dar es Salaam bado zinasikilizwa na mama ntilie, dereva na fundi cherehani kwa pamoja, jambo ambalo jukwaa lolote la mtandaoni haliliwezi. Lakini usipeleke wimbo wako kwenye kila kipindi. Tafuta vipindi vya usiku na vya asubuhi ya Jumapili, ambavyo mtangazaji huongea polepole, na umpelekee faili safi la WAV, yaani lenye sauti kamili isiyobanwa, si lile lililopitia WhatsApp na kukamuliwa. Andika barua fupi inayosema wimbo unahusu nini. Na ujiandae kuimba mle studioni, hewani, na gitaa likiwa mkononi. Mwenye wimbo wa biti hana uwezo huo bila vyombo vyake, na wewe unao.

Kuhusu fedha, nikuambie mapema ili usije ukavunjika moyo bure. Tangu mwaka 2024 Spotify hailipi rekodi ambayo haijafikisha misikilizo 1,000 ndani ya miezi 12, na YouTube inataka chaneli iwe na wafuatiliaji 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka, au idadi kubwa sana ya watazamaji wa video fupi, kabla ya kuanza kugawana nawe mapato ya matangazo. Kwa hiyo katika mwaka wa kwanza tegemea zaidi sendofu, mahafali, mikahawa na majukwaa madogo kama Nafasi Art Space pale Mikocheni, ambapo watu huketi na kusikiliza. Kila mahali utakapoimba, taja jina la wimbo mara mbili, mwanzoni na mwishoni, na karatasi yenye jina hilo iwe mezani kwa watakaotaka kuutafuta usiku huo huo wakiwa njiani kurudi nyumbani.